Jumapili ya Mathilde

Godefroid alikuwa hakaliki. Akikaa, mguu unacheza chini ya meza. Akisimama, anakwenda mlangoni kuchungulia kama Mathilde anakuja. Na Mathilde hana budi kuja, maana binti yake Noëlla amejifungua Jumatano, na hospitali imemzuia wodini na kichanga chake mpaka bili ilipwe. Na mwaka ule wa 1993, jamani, bili hailali! Asubuhi unaambiwa hivi, jioni imeshapanda.

Mathilde alishona magunia kwenye kinu cha unga kule Kikula. Godefroid ndiye aliyepiga hesabu za mishahara. Wiki ile mama wa watu alijituma mpaka kiuno kikakataa: alishinda kinuni Jumapili nzima, wenzake wako kanisani wanaimba, kisha akaongeza saa sita juu ya zile za kawaida.

Ijumaa akaja. "Papa Godefroid, unipatie bunga tu. Nesi mukubwa anaitika kupokea bunga, nabo habalipiwe mushahara."

"Hapana, mama. Sheria inasema makuta, pesa mukononi."

Sheria! Mtu wa kuudhi huyu. Si kwamba alikuwa na roho mbaya, la. Alipenda haki mpaka ikamfunga macho. Akamweleza kwamba zile saa sita, kila moja inaongezwa asilimia thelathini, na ya Jumapili inalipwa mara mbili, kwa hiyo saa nane zinakuwa kumi na sita. Patroni, mwenye kinu, alikuwa ameiandika Jumapili kama siku ya kawaida. Godefroid akakataa katakata kulipa hivyo, akamgombania Mathilde, akangoja sahihi mpaka Jumatatu.

Jumatatu akamhesabia furushi la noti za zile saa sita na ile Jumapili, halikupungua hata zaire moja. Alijisikia mwanaume kweli kweli.

Kabla ya adhuhuri Mathilde akarudi na furushi lile lile, akaliweka mezani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma.

"Papa, hesabu yako iko ya kweli. Lakini ni ya Ijumaa. Kule hospitali balisha kupandisha bei, mara mbili. Mutoto hayaona hata jua, Papa."

Masikio ya Godefroid yakamchoma kwa aibu. Akachukua furushi, akaenda kwa patroni bila hata kubisha hodi.

"Patroni, saa moja ya mama Mathilde ilikuwa inanunua nusu meka ya bunga tulipomuajiri. Tumulipe na bunga."

"Weye! Na sheria yako iko wapi leo?"

"Sheria inaongeza saa yake. Makuta njo yenye kuipunguza. Asilimia thelathini ya bunga haishuke bei."

Patroni akamtazama, akasonya. "Ah, umupatie. Lakini upanguse muzuri!"

Meka ni kile kikopo cha kupimia, na kinuni pale kila meka hupanguswa kwa kiganja, kinachozidi kinarudi gunini. Godefroid akapima: meka nane za Jumapili, na nne kasoro kidogo za zile saa sita. Akajaza ya kwanza mpaka ikafanya kilima, akaimimina vile vile. Na ya pili. Hata ile kasoro aliisahau.

"Papa, haupanguse?" Mathilde akauliza, anachungulia mlangoni kwa woga.

"Hii ya juu ni ya siku nilikungojesha."

Mathilde akajitwika gunia, akashika njia ya hospitali mbio mbio.