Mkebe wa Mwisho wa Mbegu za Kitani

Mama alikuwa akisema wenzangu wameoa wake, mimi nimeoa choo. Hakukosea. Tumbo langu hufunga kama duka la Msabato siku ya Jumamosi, kisha linafunguka bila kuniuliza. Ndiyo maana hata harusi za binamu zangu kule Nyamache nilizihudhuria kwa simu.

Daktari wa kliniki moja Keroka aliniambia nijaribu mbegu za kitani: zisagwe, nitie kijiko kwenye uji, ninywe na maji mengi. Mama alizitazama kiganjani.

"Una hakika si kunguni?"

Lakini akapiga magoti kwenye jiwe lake la kusagia wimbi. Zile mbegu zina mafuta, zikageuka gundi jiweni. Akanicheka mimi, si jiwe. Mara ya pili alikaanga wimbi kidogo, akazisaga pamoja. Unga ukatoka laini, na tumbo langu, polepole, likajifunza adabu.

Alisaga kidogo kidogo kwa sababu unga huo haukawii kuharibika. Kwa hivyo aliponijazia unga mkebe mzima uliokuwa wa kakao, nilimtania.

"Mama, unafungua posho mill? Huu utaharibika."

"Basi kula haraka, bwana choo."

Alikaa pale chini muda mrefu kabla ya kuniomba nimwinue. Alikuwa mwepesi. Nikadhani uji umenipa nguvu.

Tulimzika kando ya migomba kabla mkebe haujafika nusu. Sikuugusa tena. Tumbo likarudia ukaidi wake, nikaliacha liniumize. Ningekula, ungeisha, na mikono iliyousaga haipo. Dada yangu alikuja kutoka Nyamira akanigombeza: "Kula basi! Ama unangoja ufufuo?"

Jana niliufungua. Ulinuka kama rangi ya mafuta iliyosahaulika stoo. Nikaonja. Uchungu mtupu. Nikaonja tena, koo likakataa.

Nikaumwaga uani. Kuku wa Mama wakaja mbio, nikawafukuza. Nikausimamia ule unga kama askari wa benki, mkebe mtupu mkononi, mpaka tumbo likaanza kunikata. Ndipo nikawaita, kwa ule mlio aliokuwa akiwaitia yeye.

Walikuja. Lakini kwanza walisimama, wakatazama nyuma yangu.