Kompyuta Juu ya Mafiga

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la chuo cha ualimu pale Masisi, mwaka ule nilipomaliza sekondari. Kila mwanafunzi mpya aje na kompyuta yake ya kubeba. Iwe na kamera, iwe na kumbukumbu ya kutosha, betri yake imalize siku nzima ya masomo. Siku ya kuandikishwa itawashwa mbele ya sekretere, na isipowaka, mwenye nayo arudi kwao. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye matope, nikacheka. Chuo chenyewe hakikuwa na umeme. Hata simu tulikuwa tunazipeleka kuchajiwa kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye paneli za jua juu ya bati, na mvua ikikaza yeye naye alikuwa anawarudisha watu.

Kicheko kilinikauka kabla sijafika kwetu Karuba. Nilitaka ualimu, na sitasema niliutaka kwa sababu ya wito. Niliutaka kwa sababu mwalimu ndiye mwanamke pekee wa kijiji chetu niliyewahi kumwona akienda kazini bila jembe begani.

Mama alikuwa mjane na alikuwa na ng'ombe mmoja. Wengine walikwisha kuchukuliwa na watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, sina haja ya kuwapanga. Huyo mmoja alikuwa na maziwa mengi. Kila asubuhi Mama alibeba bidoni, dumu la maziwa, hadi kwa mtengeneza jibini, na maziwa hayo ndiyo yaliyonisomesha sekondari, na ndiyo yangenisomesha chuo. Mpango wetu wote ulikuwa kwenye kiwele cha ng'ombe. Nilipomweleza habari ya tangazo, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Bila ile mashini hawatakupokea?"

"Hawatanipokea, Mama."

"Basi ngombe iende."

Ng'ombe akaenda. Bei yake ilitosha kompyuta na ada ya mwaka wa kwanza, ya mbele tungeyaona mbele. Kompyuta ikaja kutoka Goma, ndani ya boksi, kwa mkono wa yule yule mfanyabiashara wa Butembo. Ilikuwa imetumika lakini nzima. Tuliiwasha dukani kwake, ikatoa mwanga wa buluu, na Mama akarudi nyuma kidogo na kuniuliza kama inapaswa kuwa ya moto vile. Mfanyabiashara akamjibu kwamba ndivyo zilivyo, zinapenda joto. Huyo bwana alisema tu ili amalize biashara. Sidhani hata alijisikia akisema.

Kabla chuo hakijafunguliwa, mama mdogo wangu aliugua huko Kashuga, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilitumwa nikamsaidie na kumvunia maharage yake. Kwenda na kompyuta lingekuwa jambo la kichaa, maana njiani palikuwa na vizuizi, na pale kwenye kizuizi mzigo unafunguliwa na kinachopendeza kinabaki. Niliiacha kwa Mama. Nilimwambia aitunze, isipate maji, isiguswe na panya.

Sasa niwaeleze jambo ambalo watu wa mjini hawalijui. Kwetu milimani ukungu unaingia hadi kitandani. Nguo zinavunda sandukuni, viatu vinaota kuvu. Kitu cha thamani hukiweki chini. Unakitundika kwenye uchaga, ile dari ya miti iliyo juu ya mafiga, ambapo moshi unapita mchana na jioni. Huko ndiko zinakokaa mbegu za maharage na mahindi mpaka msimu wa kupanda. Wadudu hawaingii, panya hapendi, unyevu haufiki. Hata vyombo vya maziwa tunavifukiza kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Moshi kwetu ni ulinzi. Mama aliulinda ukoo mzima kwa moshi.

Aliitoa kompyuta kwenye boksi, kwa sababu boksi lilikuwa limeshika unyevu. Akaifunga ndani ya kitambaa safi, akaitundika kwenye uchaga, katikati, pale pakavu kuliko pote. Aliondoa mbegu zake ili kuipisha.

Wiki ya kuandikishwa sikurudi Karuba. Nilitoka Kashuga moja kwa moja hadi Masisi, na Mama akaja kwa pikipiki kutoka kwetu, amevaa kitenge cha misa, kompyuta ameipakata kifuani kama mtoto mchanga. Hakutaka niishike kwenye mvua. Tulipanga mstari. Mbele yetu walikuwa vijana ambao wajomba zao wanafanya kazi kwenye mashirika ya misaada. Mmoja alipomaliza kuandikishwa, alitoka na kompyuta yake, akampa mwenzake nyuma ya jengo, na mwenzake akaingia nayo. Watu wote waliona. Sekretere naye aliona, nina hakika, lakini tangazo lilidai kompyuta iwake, nayo ilikuwa inawaka.

Zamu yangu ilipofika, Mama ndiye aliyeiweka mezani. Akafungua kitambaa. Harufu ya jikoni ikajaa ofisini. Kompyuta ilikuwa na rangi ya chungu kilichopikiwa miaka, na tumbo lake lilikuwa limevimba kama la ng'ombe aliyekula majani mabichi yenye umande. Nilibonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Mende mdogo akatoka pembeni, akatembea juu ya karatasi za sekretere.

"Dada, hii mashini ilikufa," yule bwana sekretere akasema.

Mama akanitangulia kujibu. "Haikufa, Papa. Niliitunza muzuri. Haikuguswa na maji hata kidogo."

"Mama, mimi siwezi kuandika muntu bila mashini. Sheria njo hiyo. Arudi mwaka ijao."

"Yeye iko na akili. Muulize kitu, atakujibu."

"Akili hatukuiomba, Mama. Tuliomba mashini."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Angenitukana ningekuwa na mtu wa kumchukia. Na kuazima sikuweza tena, kwa kuwa alikwisha kuniona na ya kwangu.

Tuliipeleka kwa fundi wa simu sokoni. Aliifungua kwa bisibisi, akapuliza, masizi yakamrukia usoni. Akauliza ilikuwa wapi.

"Juu ya moto," Mama akasema. "Isipate baridi."

Fundi akacheka. Akawaita wenzake waje waone, nao wakacheka. Mama aliangalia vile vipande vyeusi juu ya meza, na nikaona uso wake ukielewa. Mpaka dakika ile alikuwa anaamini ametutendea wema. Sikumlaumu kwa neno hata moja, na sikumlaumu moyoni pia. Niliwachukia wale waliokuwa wanacheka. Niliwachukia zaidi walioandika tangazo lile katika mji wenye taa.

Mwaka ule wenzangu walisoma. Mmoja wao aliniambia kwamba kompyuta ziliwashwa siku ile ya kuandikishwa na hazikuombwa tena. Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki, wao wakanakili. Mwaka uliofuata tangazo likabanduliwa, bila maelezo. Yeyote aje, hata na kalamu. Nilisikia habari hiyo nikiwa shambani. Ningeweza kwenda, mlango ulikuwa wazi, ila maziwa ya kunilipia hayakuwepo tena, na salio la ng'ombe tulikwisha kulila. Waliomba mashini wakala ng'ombe, kisha wakasema mashini haikuwa na haja. Mimi nalima. Natoka asubuhi na jembe begani.

Lakini hayo ya kwangu nimeyazoea. Nisichokizoea ni hiki. Msimu uliopita tulipomaliza kuvuna, Mama alichagua mbegu, punje nzuri nzuri, akazitia kwenye mfuko. Akasimama nazo katikati ya jiko. Huyu ni mwanamke ambaye majirani walikuwa wanakuja kuomba mbegu kwake, kwa kuwa zake haziozi. Akanigeukia.

"Hizi mbegu, tuziweke wapi? Weye njo ulisoma."

"Juu ya moto, Mama. Pale pale pa siku zote."

Alinitazama kwa huruma, akaona kwamba namfariji tu. Kisha akainama na kuusukuma mfuko chini ya kitanda, kwenye unyevu.