Ba Alivyokaa Mlangoni

Jana, huku ughaibuni, pale mtaa wa Al Sadd ninapolinda mlango wa duka la dhahabu, bibi mmoja wa Kihindi alichoka kumsubiri mwanawe. Akakusanya sari yake, akaketi sakafuni, mlangoni kabisa. Redio ikalia kiunoni mwangu. Bosi, Mkenya mwenzangu, alikuwa amemwona kwenye kamera: "Sista, mwinue huyo mama." Yaani mimi, niliyesimama tangu alfajiri miguu ikavimba, ndiye nimwinue aliyepata pa kukaa!

Hapo, rafiki yangu, nikamkumbuka Ba.

Alikuwa jirani yetu kule Kisumu, ukuta kwa ukuta. Wajukuu wake walimwita Ba, yaani bibi kwa lugha yao ya Kihindi, nasi watoto wengine tukafuata. Jioni nilimsaidia kuchambua dengu, jikoni kukinukia bizari, na nikidokoa chapati nilipigwa kofi mkononi. Hadithi yake ilikuwa moja tu. Alipokuwa msichana India, wakati wa Mwingereza, yeye na wanawake wenzake walikwenda kukaa mlangoni mwa duka la nguo za Ulaya, anayetaka kununua awaruke kwanza. "Polisi iko piga, sisi iko kaa tu," alisema, akicheka kwa meno yake machache. Walitiwa jela, wakatoka, wakarudi palepale.

Nyanya yangu aliguna: "Huyu naye na kukaa kwake!" Mpaka mwenye ploti, zile nyumba zetu za kupanga, alipofunga mfereji wetu, ati tunamwaga maji. Kesho yake Ba akabeba kigoda, akakiweka langoni kwa yule bwana, gari lisitoke. Nyanya alisimama pale na ndoo tupu, akamtazama weee, kisha akaigeuza ndoo, akaikalia. Kufika adhuhuri akina mama wote wa ploti walikuwa wamekaa, wanachambua sukuma. Hakuna aliyepiga kelele. Jioni maji yakafunguliwa, nami nikaoga hadi nikakaripiwa.

Baadaye Ba alichukuliwa na mwanawe Uingereza, kwa Mwingereza yuleyule, akafia huko. Nyanya naye hayupo. Ploti ni ghorofa sasa. Nimechoka, jamani, na huku sina ndoo wala wa kukaa naye.

Redio ikalia tena: "Ameinuka?"

"Anainuka, bosi."

Bibi aliniangalia kwa wasiwasi, akashika ukuta ajiinue.

"Kaa tu, Ba," nikamwambia kwa mkono, kisha nikasimama mbele yake, kamera isimwone.