Pole ya Barafuni

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kitanga anayehudumia wazee huku ughaibuni, mtaa wa Westmead, kwenye mtihani wa kuteleza juu ya barafu. Mtihani wake mwenyewe, si wa mtoto! Baada ya miezi ya kufungiwa ndani kwa ajili ya korona, aliapa kujifunza jambo lisilo na faida yoyote.

Watazamaji tulikaa mbalimbali, barakoa usoni. Mama akaingia na hijabu yake ya zambarau, akazunguka mara moja, mara ya pili akaanguka puu!

"Pole, Mama!" alipiga kelele binti yake, ambaye siku zote humjibu kwa Kiingereza.

Mama akainuka, akasimama wima, mkono kifuani. "Nishapoa, mwanangu! Asante!"

Jaji akamuuliza mbona kasimama katikati ya mtihani.

"Nimepewa pole," alimweleza kwa Kiingereza. "Nisiitikie?"

Jaji akaomba afundishwe neno hilo na jibu lake. Akalirudia mara mbili ndani ya barakoa, ndipo akamruhusu aanze upya.

Safari hii hakuanguka. Akatujia ukingoni huku akihema.

Jaji akapita barafuni kumletea karatasi ya kufaulu, kavaa viatu vyake vya kawaida. Hatua ya tatu, jaji miguu juu!

"Pole!" tukapaza sauti sote.

Jaji, angali chali, akainua karatasi. "Nishapoa!"

Sisi tuliozaliwa na neno hilo, wangapi tungekumbuka kuitikia tukiwa chali?