Mkuu wa Abasoda Aliyekimbia

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani, pale ofisini Kasulu, Katibu Tarafa alinionya: "Kijana, mdomo wako ni bomba. Maji yakiingia machungu, yatoke machungu. Usitie sukari." Nilikuwa nimetoka shule ya misheni Kabanga na Kiingereza changu, nikadhani ni kazi ya mchezo. Thubutu!

Baadaye mimi na Katibu tukahamishiwa Kibondo, miaka ile ya sabini wakimbizi wa Burundi walipofurika. Kiha changu na Kirundi ni ndugu, basi mikutano yote ikaniangukia mimi. Ndipo akaja Mnorwe mmoja mrefu, mbunge wa chama cha wahafidhina kwao, aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi, kuangalia kama nchi yake itoe fedha za visima. Watoto wa wakimbizi walikuwa wanakufa kwa maji machafu ya bondeni. Mgeni asiposikia hayo kwa akina mama wenyewe, visima hatutapata.

Katibu akamtambulisha kwa akina mama kwa mbwembwe: "Huyu si mtu mdogo! Ameongoza majeshi ya nchi nzima!"

Nikamnong'oneza, "Mzee, hilo tuliache. Hawa wamekimbia wanajeshi."

Akanikata jicho. "Tafsiri!"

Nikatafsiri: mkuu wa abasoda, yaani wanajeshi. Loo! Akina mama wakanyanyuka, wakafunga watoto mgongoni, wakaanza kuondoka.

Mgeni akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Yule bwana akavua kofia, akawawahi mbele, akaketi mavumbini na suruali yake safi. Akaanza kusema. Sasa, mkalimani hasemi "anasema kwamba". Husema "mimi", kana kwamba maneno ni yake. Nikapaza sauti: "Nanje narahunze!" Hata mimi nilikimbia. Wanajeshi wa kigeni waliingia kwetu nikiwa kijana. Tulivuka milima ya theluji kwa miguu, nchi jirani ikatupokea. Niliitaka wizara ile ili mama yangu asikimbie tena.

 Jamani, sikujua kama Mzungu naye hukimbia!

Bibi Seziliya, aliyekuwa wa kwanza kuondoka, akageuka. "Waratashe?" Ulirudi kwenu?

Mgeni akajibu kuwa alirudi. "Naratashe," nikasema, na wote wakanitazama mimi. Bibi akapiga makofi taratibu, kama tunavyompokea mtu aliyetoka safari ndefu. Kisha akaketi. "Haya, mwambie habari ya maji."

Visima vilichimbwa. Nimewatafsiria wakubwa wengi hadi kustaafu, na vijana mkiniuliza nani alinitetemesha, namtaja yule aliyekaa mavumbini. Lakini Bibi Seziliya, kila tulipokutana sokoni Kibondo, alinishika mkono: "Hebu sema tena." Nami nasema, "Naratashe." Anacheka, anajitwika maharage yake, huyoo.

Kwao Burundi Bibi hakurudi. Alifia hapahapa Kibondo, na siku ya mazishi watoto wake wakaniomba nitoe neno. Mimi, mtu wa maneno ya wenzangu maisha yangu yote, nilikuwa na moja tu la kwangu.

"Yaratashe," nikasema. Amerudi kwao.