Sukre ya Moize

Mlio wa kizibo cha chupa kinapong'oka, ule mlio mfupi unaofuatwa na mapovu, huwapa watu wengi kiu. Mimi hunipa wivu. Siku hizi mimi ni mama wa watoto, ninaishi Goma, na sukre, maana hivyo ndivyo tunavyoita soda kwetu Kivu, ninanunua siku yoyote ninayotaka. Lakini nikisikia mlio ule bado nageuka haraka kuona ni nani anayepewa. Na moyoni mwangu anayepewa ni yuleyule siku zote, mdogo wangu Moize.

Tulikuwa tunakaa kwenye kilima karibu na Lushebere, kule Masisi. Baba alisukuma chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, akiteremsha viazi vya watu hadi barabara kubwa, hivyo mara nyingi hakuwepo. Mama alilima maharage. Nyanya yetu, tuliyemwita Koko, ndiye aliyetuchunga. Moize alizaliwa porini upande wa Walikale, wakati familia ilipokuwa imekimbia vita, na nadhani ndiyo sababu Mama alimtazama kila siku kama kitu alichokaribia kukisahau njiani. Kiazi kinene kilikuwa chake. Nafasi ya karibu na moto ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mkubwa, na kazi ya mkubwa, niliambiwa, ni kuelewa. Sikuelewa hata kidogo.

Siku moja baada ya mvua tulikuwa tunakimbizana nyuma ya zizi la jirani, mahali ambapo tope na mavi ya ng'ombe vilichanganyika hata usijue unakanyaga nini. Ubao wa chukudu iliyovunjika ulikuwa umelala humo ndani. Moize akaukanyaga, na msumari wenye kutu ukamzama kisiginoni. Nilikimbia kumsaidia, nikauvuta ubao, nikautupa chini, na katika haraka zangu nikaukanyaga mimi pia. Msumari uleule! Tukalia wote wawili, mimi kwa sauti kubwa zaidi, kusudi na mimi nionekane.

Hakuna aliyeniona. Mama alimbeba Moize mgongoni, mimi nikachechemea nyuma yao. Nyumbani Koko alitwanga majani, akayachanganya na majivu, akayashindilia kwenye tundu la kisigino cha Moize, kisha akafunga kwa kipande cha kitenge chenye maua ya njano na kukaza sana. Mimi nilioshwa mguu kwa maji na sabuni, basi.

"Na miye munifunge!" nikadai.

"Ya kwako iko kidogo," Koko akasema. "Kwenda kucheza."

Kitambaa kile kiliniuma kuliko msumari. Moize alitembea nacho kilima kizima akiwaonyesha watoto wenzetu, nao wakaomba kukigusa. Mimi nilipoonyesha kidonda changu, kilikuwa tayari kimekauka, na hakuna aliyetaka kukigusa.

Zikapita siku kadhaa. Moize akaanza kulalamika kwamba shingo inamuuma, akakataa bugali, akalala mkekani mchana kutwa. Kwangu mimi yale yalikuwa madeko matupu. Kisha akapita mjomba wetu, mchuuzi wa ng'ombe aliyetoka Kitshanga kwa pikipiki, na mkononi alikuwa na chupa ya sukre ya rangi ya chungwa. Kwetu sukre ilionekana Noeli tu. Hii ilikuwa ya mgonjwa.

Mjomba aling'oa kizibo kwa meno. Paa! Moize akashtuka, mwili wote ukakakamaa, kisha nikaona uso wake ukinielekea. Alikuwa anacheka. Midomo ilikuwa imevutwa pembeni, meno yote nje, nyusi juu. Amewekewa sukre mbele yake, hainywi, ananichekea!

"Mama, Moize iko ananicheka!"

Mama alikuwa ameshamwinamia Moize. Alimwekea chupa mdomoni, ikagonga meno, sukre ikamchuruzika kidevuni. "Fungula kinywa, Moize. Papa yangu, fungula," alimbembeleza mwanawe. Meno hayakuachana. Ndipo Mama alipopiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, na mimi, nikiwa nimesimama pale, niliwaza tu kwamba kwa ajili yangu hajawahi kulia namna ile.

Mjomba aliwapakia Mama na Moize kwenye pikipiki hadi hospitali, Koko na mimi tukafuata kwa miguu. Mama alikuwa ameiziba chupa kwa gunzi la mahindi na kuichukua, ili Moize ainywe atakapopona. Tulikuta muuguzi ameshakikata kitambaa cha maua ya njano na kukitupa, jambo lililonifurahisha. Alikuwa amekipanua kidonda na kukiosha mpaka ndani.

"Ile mikrobe, kale kadudu ka ugonjwa, inalalaka mu udongo na mu mavi ya ngombe," alimwambia Koko bila ukali. "Haipendake hewa. Ukiifungia ndani ya kidonda, njo inaamuka."

Koko alitazama mikono yake muda mrefu. Ugonjwa waliuita tetanosi, huo ambao vitabu vinauita pepopunda. Moize alilazwa katika chumba chenye pazia zito, kwa sababu mwanga kidogo au kelele kidogo ilimkunja mgongo kama upinde. Walimpitishia mpira puani ili apate uji. Muuguzi alimwambia Mama waziwazi kwamba wengine hawaponi. Mimi nilikatazwa kuimba, kukimbia, hata kukohoa karibu na mlango. Nililala na Koko kwenye kibanda cha watu wanaopikia wagonjwa wao, nikiwaza juu ya chumba kile kizima cha mtu mmoja, na chupa ile kwenye dirisha.

Kila asubuhi Mama alitoka humo macho mekundu, akanikalisha kuelekea jua.

"Sifa, fungula kinywa. Fungula sana."

Aliniingiza vidole viwili katikati ya meno, akanitazama kooni, akanigeuza shingo, akaushika mguu wangu na kuubonyeza. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Basi. Kwenda kucheza." Nilijua anachotafuta: rangi ya chungwa ulimini mwangu. Alidhani nimeiiba sukre ya mtoto wake mpendwa! Nilikasirika mpaka machozi, maana sikuwa nimeigusa, ingawa niliitaka sana. Hata baada ya muuguzi kuimwaga kwa kuwa imeharibika, ukaguzi uliendelea vilevile, na sikujiuliza kwa nini.

Moize alipona polepole. Taya lilipolegea, neno lake la kwanza lenye kueleweka lilikuwa, "Sukre yangu iko wapi?" Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilifurahi kwamba ilimwagwa, siwafichi.

Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba mimi nilipata chanjo zote nikiwa mchanga, kabla ya vita. Moize, aliyezaliwa porini, hakupata hata moja. Lakini kadi zilipotea njiani tulipokimbia, na siku zile Mama hakuwa na hakika tena ni chanjo ipi nilipata na ipi sikupata. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho, msumari ulikuwa mmoja.

Hata hilo halikunifungua macho. Kilichonifungua ni binti yangu, mwaka jana, alipokanyaga bati lenye kutu nyuma ya nyumba. Kwenye kituo cha afya walimsafisha kidonda, wakaniambia nitulie, chanjo zake zimekamilika. Nikasema nimetulia. Kesho yake, kabla sijawasha moto, nikajikuta nimemkalisha kuelekea dirisha, vidole vyangu viwili katikati ya meno yake.

"Mama," akasema kwa hasira alipopata nafasi, "sikukamata sukari yako!"

Nikashusha pumzi ndefu, na katika pumzi ile nikamsikia Mama. Hakuwa akitafuta sukre. Usiku kucha alikuwa amemkeshea mtoto aliyefunga meno, na kulipokucha, kabla ya kunawa uso, kabla ya kuonja chai, alikuwa anakuja kwanza kwangu.