Nguo Kumi Zinanitosha

Nimekosa, tena kosa la kujitakia. Sikuibiwa, sikudhulumiwa. Nguo ya marehemu mama yangu niliikataa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Yalianza na tamthilia za Kikorea kwenye simu. Wale watu wanavaa, jamani! Shati jeupe, suruali nyeusi, koti la kijivu, basi. Kesho yake ni zilezile, zimepangwa vingine. Nikaamua na mimi nibaki na nguo kumi tu, zisizo na maua. Nikaenda Kitai kuchagua mitumba ya rangi hizo. Vitenge vyangu nikavigawa.

Ningenyamaza yangeishia hapo. Lakini nilitangaza! Kwenye jumuiya, sokoni, kwa mawifi. Binamu yangu wa Ngumbo aliniletea kitenge cha zawadi, nikamrudishia. "Zangu zimeshatimia," nikamwambia.

Mama alicheka. "Mwacheni. Ndiye Mkorea wetu wa hapa Mapera."

Mama akafariki. Baada ya matanga shangazi alifungua sanduku la mama agawe nguo zake, kama tunavyofanya siku zote. Nilikaa mbele. Nilitaka kitu kimoja, sweta lake la zambarau la kuanikia kahawa. Sweta baya kabisa, viwiko vimetoboka.

Shangazi akanipita. "Huyu tusimtwishe mzigo. Mwanangu, si ulisema kumi zinakutosha?"

"Ndiyo, shangazi."

Ndiyo! Nimemzika mama yangu juzi, halafu nalinda maneno yangu ya sokoni! Shangazi hakunitania. Alikuwa ananiheshimu. Sweta akapewa binamu.

Nilijikaza miezi mitatu, kisha nikapanda gari hadi Ngumbo. Nilimkuta binamu anageuza dagaa kwenye kichanja. Nikauliza habari za sweta, kama vile limenijia tu akilini.

"Dada, huku ziwani joto! Nililifumua, nikamfumia mtoto kofia na soksi."

Akamleta mtoto. Kofia ilimpendeza. Nilimpakata mpaka akanikojolea koti la kijivu.

"Kwani ulilitaka?" akaniuliza.

"Hapana. Nimekuja kuwasalimu tu."

Mara ya pili hiyo! Uzi uliobaki ulikuwa pale pale kwenye kikapu, ningeomba angenipa. Sikuomba. Nikala ugali, nikaaga.

Ndugu msomaji, vaa upendavyo, hata nguo tatu. Ila siku wanagawa za mama yako, nyoosha mkono. Watacheka, ndiyo. Watacheka kidogo, halafu watakupa.